Usimpeleke mtoto kwa fundi wa meno

Rehema shoga yangu,

Salamu tele, huku wazima, mengine baadaye. Ujumbe wako nimeuona jana usiku, kwamba mtoto anaharisha na mama mkwe anataka apelekwe kwa fundi kung'olewa "meno ya plastiki". Kwa kuwa ameshapanga siku, nakujibu kwa haraka: usimpeleke.

Meno ya plastiki hayapo. Huo uvimbe mweupe kwenye ufizi ni jino la chonge la utoto, linajiandaa. Litatoka lenyewe akifika mwaka na nusu hivi. Kwa miezi saba bado ni laini, ndiyo maana fundi akilichokoa huliweka kiganjani na kusema, "Si mnaona, plastiki!" Kumbe kamng'oa mtoto jino zima.

Kuhara kunatoka kwingine. Umri huu ameanza uji, anatambaa, kila akiokotacho kinaishia mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo inapungua. Ufizi nao unavimba wakati huohuo, basi jino ndilo linalobeba lawama. Mama Sada atakwambia wake alipona baada ya kutolewa. Kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe ndani ya wiki moja, na sifa anachukua fundi.

Wembe au spoku ya baiskeli anayochokolea fundi inaweza kuleta pepopunda, sumu kwenye damu, hata VVU. Mtoto wa kilo saba hana damu ya kumwaga. Tena chini ya jino hilo imelala mbegu ya chonge la ukubwani, la kutoka miaka 9 hadi 12. Ikiguswa, linaweza kuja limepinda, au lisije kabisa.

Sasa fanya hivi. Koroga paketi ya ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, usikisie. Yakipita saa 24 mwaga. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100, kijiko kimoja kimoja. Akitapika, subiri dakika kumi, uendelee polepole zaidi. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma; wengi huacha mapema. Ziwa usimkatize, na uji mpe.

Macho yakizama, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au ukiona damu kwenye choo, usingoje kukuche, kimbia hospitali. Na akiwa na homa, apimwe malaria leo hii.

Mama mkwe usimbishie mbele za watu. Mwambie mtoto kwanza apimwe, hilo hawezi kulikataa. (Mpe na lile khanga unalolificha, litasaidia.)

Ameharisha mara ngapi tangu jana? Anakojoa? Zahanati yenu bado ina zinki, au nitume? Siku waliyopanga ni ipi hasa? Na baba yake anasemaje, au kajificha kama kawaida yake? Nijibu leo.

Wako,
Mwana