Barua kwa mwanangu Atupele: pima jamvi kwanza

Tukuyu, Juni 14

Mwanangu mpendwa Atupele,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila baridi imeanza kunisumbua magoti. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu: kwamba Jumamosi unanunua mifuko 20 ya saruji, Jumatatu fundi anaanza kusakafia, na Jumanne wewe unapanda basi kwenda Dodoma kwa masomo ya miezi miwili. Kwamba umeifikisha nyumba ya Mafinga hadi hapo kwa mshahara wako mwenyewe ni jambo ambalo nimewaeleza majirani wote, hata wale ambao hawakuniuliza. Lakini hiyo mifuko 20 imeninyima usingizi.

Nimehesabu kwa vipimo ulivyonipa wakati wa kuezeka. Sebule ni mita 5 kwa 4, chumba chako mita 4 kwa 3.5, vyumba viwili vya mita 3 kwa 3, na jiko pamoja na korido mita za mraba 8, jumla mita za mraba 60. Bafu nimeliweka kando kwa kuwa lina mteremko wake na vigae vyake. Fundi wako amechukua unene wa sentimita 4, akapata mita za ujazo 2.4; akaongeza theluthi moja, maana mchanganyiko mkavu hupungua ujazo ukishatiwa maji na kushindiliwa, ikawa 3.2, akagawa kwa tano, yaani saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu nne, na kwa kuwa mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi, akapata mifuko 18 na kidogo, akajazia ya kupotea. Hesabu hiyo ni sahihi kwa jamvi, yaani zege la chini linalobeba sakafu, lililonyooka kama meza, na jamvi lako halijanyooka. Katika picha uliyonitumia baada ya kuliosha, maji yametuama kwenye kona ya sebule karibu na mlango wa jiko, na ndala yako iliyo pale imezama hadi kwenye mikanda.

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya kutoa hata shilingi dukani, pima. Chukueni bomba la pima maji, lile linaloonyesha usawa kwa maji yaliyomo ndani, mpige mstari kwenye kuta zote za nyumba, mita moja juu ya mahali ambapo sakafu iliyokamilika itakuwa, kisha mteremshe futi ya kupimia kutoka kwenye uzi uliofungwa usawa wa mstari huo hadi kwenye jamvi, kila chumba mahali tisa: pembe nne, katikati ya kila ukuta, na katikati ya chumba. Pale jamvi lilipoinuka kuliko pote ndipo zibaki sentimita 4, na kwingine kote unene utafuata wenyewe. Andika kila kipimo, toa ile mita moja, jumlisha, gawanya, ndipo upate unene wa wastani. Ukiwa sentimita 5, mchanganyiko mkavu unafika mita za ujazo 4, na saruji ni mifuko 23. Pamoja na ya kupotea, nunua 25. Kila sentimita moja inayoongezeka katika nyumba yako inakula karibu mifuko mitano. Nimefanya kazi ya stoo kwenye saiti za watu miaka mingi, na nimeona kazi ikisimama katikati ya chumba kwa kukosa mifuko hiyo mitano. Wewe umeuliza bei kwa watu watatu, na mama yako aliyekuwa akigawa saruji kwa daftari hukumuuliza.

Mifuko ikianza kuisha, fundi hatakupigia simu Dodoma. Atapunguza unene, au ataongeza mchanga. Ile sehemu ya chumba chako cha zamani inayolia tupu ukiigonga, unaijua. Siku ile ilikuwa imebaki mifuko miwili, na aliyewaambia mafundi waitandaze hivyo hivyo hakuwa baba yako.

Mchanga nao usinunue kwa neno "tripu". Pima bodi ya gari: yenye urefu wa mita 3, upana mita 1.8 na kina nusu mita inabeba mita za ujazo 2.7, nawe unahitaji 3.5, hivyo gari moja la namna hiyo halitoshi. Tia mchanga na maji kwenye chupa, tikisa, acha ukae; tope la juu likizidi sehemu ya kumi ya mchanga, rudisha gari. Wakati wa kuchanganya, mfuko mmoja wa saruji ni kwa ndoo saba za mchanga za lita 20, zilizopigwa usawa wa mdomo, si kwa koleo la kukisia.

Jamvi likwanguliwe, lilowekwe usiku kucha, na asubuhi lipakwe uji wa saruji ambao haupaswi kukauka kabla ya kufunikwa. Mtu akitaka kunyunyiza saruji kavu juu ili kunyonya maji yaliyozidi, mkataze, kwa sababu sakafu hiyo itatoa vumbi kila ukifagia. Baada ya hapo ni siku saba za kuimwagilia na kuifunika kwa nailoni. Na kwa baridi ya Mafinga mwezi huu, ambapo saruji huchelewa kushika, mimi ningeifanya kumi. Sasa niambie, ukiwa Dodoma nani atamwagilia? Ama usogeze kazi hadi utakaporudi, ama nije mimi nikae hizo siku kumi. Ng'ombe amezaa juzi, ndama jike, lakini mdogo wako anaweza kumkamua, na sare zake za shule nimekwisha kuzilipia.

Kama mifuko umekwisha kuinunua, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na isikae hadi urudi. Kama bado, subiri. Kupima nyumba nzima ni kazi ya nusu siku kwa watu wawili.

Nimekutumia kiroba cha ndizi kwa basi la kesho asubuhi. Bomba la pima maji nimeliviringisha chini ya ndizi, lina mita 20, nimelisafisha ndani kwa sabuni. Mnapolijaza maji hakikisheni halina hata povu moja, la sivyo litawadanganya. Jioni ya Ijumaa nitumie vipimo vyote, chumba kwa chumba, nikuandikie idadi ya mifuko kabla duka halijafunguliwa.

Mimi mama yako.