Asante dada kocha wangu wa kwenye simu
Hatujawahi kuonana dada ila magoti yangu yanakujua. Ulinianzishia kutembea dakika 10 tu kwa siku, mi nkaona kidogo mno, na baridi yabisi ilishanifikisha pa kushuka kitandani kwa kushikilia ukuta, we ukanielewesha taratibu kwamba gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya damu, linapata lishe kiungo kikisogea, kwa hiyo kukaa tu ndo kunazidi kukakamaza. Na ile sheria yako, maumivu yakiongezeka na kupita masaa 2 baada ya kutembea basi kesho punguza, usiache! Hiyo "usiache" ndo imenifikisha dakika 30, siku 5 kwa wiki. Siku ile nimelia hukukata simu, ulinisubiri mpaka nikatulia. Mungu akuzidishie dada yangu.