Barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia malikale: mifupa ya wanyama isitupwe

Mheshimiwa Waziri, salamu kwako. Naandika kuhusu ile mifupa na meno ya wanyama wa kale yaliyojaa stoo za makumbusho, swala, nyumbu, kiboko, twiga, mengine hata lebo zimeanza kufutika, na nafasi ikibana yenyewe ndo ya kwanza kufikiriwa kutolewa maana fuvu la binadamu wa kale linavuta wageni ila jino la swala nani atakuja kuliangalia. Nakuomba sana usiruhusu.

Mle ndani kuna rekodi ya mvua na ukame. Oksijeni iliyo kwenye maji ni ya aina mbili kwa uzito wa chembe zake, iko nyepesi, ya 16, na iko nzito, ya 18, sasa maji yenye ile nyepesi ndo yanawahi kugeuka mvuke, nzito inabaki kwa wingi ziwani na kwenye majani ya miti. Mnyama akinywa na akila, uwiano huo unaingia mpaka kwenye meno. Twiga maji mengi anayapata kwenye majani, kiboko anashinda mtoni, kwa hiyo ukipima meno ya wote wawili, wa sehemu moja na zama moja, ukakuta wamepishana sana kwenye uwiano huo ujue palikuwa pakavu, na wala huhitaji kuwa na maji ya enzi hizo mkononi. Mimi hili naliona ni akili kubwa mno!

Kaboni iliyo kwenye meno nayo inaonyesha mimea aliyokula mnyama. Nyasi za nchi za joto zina kaboni nzito, ya 13, nyingi kuliko miti na vichaka, na ni meno hayohayo yaliyoonyesha kwamba Afrika Mashariki jamii ya farasi na pundamilia ilishaanza kula nyasi hizo karibu miaka milioni 10 iliyopita.

Mfupa mtupu una shida yake, una vitundu, ukikaa ardhini unanyonya madini ya udongo. Enameli, lile tabaka la nje la jino, ni ngumu, ikishajengeka haibadiliki tena, halafu inajengeka kidogo kidogo, kwa hiyo ukilitoboa jino na kuchukua unga wake mstari kwa mstari kutoka ncha kwenda shinani unaona masika na kiangazi cha mnyama mmoja aliyekufa zamani hizo zote. Unga wenyewe ni miligramu chache tu.

Ninachoomba ni kila jino liandikwe limetoka wapi na tabaka gani la udongo, maana bila hivyo utapata namba ila hujui ni za lini. Kibali cha kutoboa kitoke baada ya jino kupigwa picha na kupimwa vizuri, kwa sababu likishatobolewa limetobolewa, na majibu yote ya maabara yarudi yahifadhiwe pamoja na jino lenyewe, yasiishie kwenye kompyuta ya mtafiti. Na wakikuletea ripoti ya hali ya hewa ya kale, waulize kwanza walipima enameli au mfupa.

Wako,
Mpenzi wa malikale