Kuingia kwenye kozi kwa amri hakutoshi

Mhariri,

Kila zikitajwa kozi za mtandaoni kwa askari, hesabu inayotolewa ni moja: wangapi wameingia. Kwa raia hesabu hiyo ina maana. Askari akiamriwa na mkuu wake ataingia, apende asipende.

Mwaka 1989 Fred Davis, mtafiti wa matumizi ya teknolojia, alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia akiiona ina manufaa na haimsumbui. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, waliongeza msukumo wa watu wanaomzunguka na mazingira ya kumwezesha. Waliona msukumo huo una nguvu pale matumizi yanapokuwa ya lazima, tena siku za mwanzo. Mtu akizoea, hufifia. Kwa hiyo amri ya kikosi itambeba mwanafunzi wiki chache tu.

Manufaa ni suala fupi. Askari anataka kujua cheti kitahesabiwa wapi: kwenye cheo, kwenye kozi inayofuata, au akistaafu. Jibu liwe ukurasa wa kwanza wa kozi.

Kazi kubwa iko kwenye wepesi. Video ya saa moja, kwa kilobiti 500 kwa sekunde, inakula MB 225. Mhadhara huohuo kwa sauti tu, kilobiti 32, ni MB 14.4, na maneno yanasikika sawasawa. Huku Tabora na Kigoma, ukitoka mjini, mtandao unaweza kushuka njiani na video ikaganda katikati ya hoja. Video tuiachie mambo yanayotaka macho, kama kufungua injini au kusoma ramani.

Halafu muda. Kazi ya kozi ambayo mwisho wa kuituma ni Jumapili saa 6 usiku inamwadhibu aliye lindo. Dirisha la siku 14 la kuituma linameza zamu nyingi. Jaribio la dakika 30 nalo huendelea kuhesabu hata mtandao ukikatika, mtu akirudi muda umekwisha. Kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, mkufunzi anaweza kumwongezea mwanafunzi mmoja muda au kumpa nafasi nyingine, bila kuwagusa wenzake. Itumike.

Jambo dogo linalofukuza watu ni nywila. Mwanafunzi anarudi kutoka mazoezi ya wiki tatu, ameisahau, na kiungo cha kuibadilisha kinatumwa kwenye barua pepe asiyoifungua. Ateuliwe mtu mmoja kikosini mwenye mamlaka ya kumpa nywila mpya palepale.

Pale simu zinapozuiwa kambini, sababu ni ya haki: picha na mahali simu ilipo ni siri za ulinzi. Weka basi kompyuta moja kama seva, na ruta isiyounganishwa na intaneti, masomo yakiwa yamepakiwa humo. Kazi za wanafunzi zitoke mara moja kwa wiki kwa flashi iliyotengwa, ikaguliwe virusi ikitoka na ikirudi. Flashi za mikononi zisiguse seva hiyo kabisa.

Vyuo vinavyofundisha kwa masafa, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1992, naviomba vitoe hesabu nyingine pia: wanafunzi askari wangapi, wiki ya 8, wamefungua somo nje ya saa zilizopangwa na kikosi.

Mkufunzi wa elimu masafa,
Tabora