Barua kwa Rafiki: Somo Wako Alipotembelea Haller Park

Mombasa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Somo wako, ambaye ulimwacha akitambaa, sasa anatembea mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Jumamosi iliyopita tulimpeleka Haller Park, kule Bamburi, pamoja na wale rafiki zetu wa chuoni, na kwa kuwa uliniomba nikuarifu kila jambo linalomhusu, siku hiyo naona inastahili barua yake.

Kila mmoja wetu alitarajia kwamba twiga ndio wangemteka. Tulipanda jukwaa la kuwalishia, tukamwekea punje za chakula kiganjani, lakini ule ulimi mrefu mweusi ulipomkaribia alijificha shingoni mwangu na punje zote zikamwagika. Viboko hakuwajali, maana walikuwa wamezama na yalionekana masikio tu. Kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli, aliwapenda, kwani wako chini, usawa wa macho yake, na mwendo wao anaumudu. Akamwandama mmoja hadi kivulini huku akimpapasa gamba. Hapo sote tukamkumbuka Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa papa hapa na kumganda kobe aliyeitwa Mzee kana kwamba ndiye mzazi wake.

Lakini kilichomshika hasa ni jongoo. Alimwona njiani, chini ya mivinje, akachutama na kukataa kabisa kuondoka. Wenzetu walikuwa wametangulia kuelekea kwa mamba na wakatuita mara kadhaa, nami nikawasihi watusubiri, kwa sababu mtoto huyo, bila kujua, alikuwa amesimama penye kiini cha mahali pale. Unakumbuka kwamba hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, ambapo mawe ya matumbawe yalichimbwa hadi pakabaki uwanja mtupu, mkavu na wenye chumvi. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipoanza kupanda miti mwaka 1971, mvinje ulistahimili hali hiyo, kwani huvumilia chumvi, na bakteria walio mizizini mwake huupatia naitrojeni kutoka hewani. Majani yake membamba, hata hivyo, yalianguka na kurundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Msitu tuliotembea ndani yake, pamoja na kila mnyama anayelishwa na kupigwa picha humo, unasimama juu ya kazi ya wadudu hao wanaorukwa na kila mpita njia.

Ndiyo maana naamini kwamba mtoto wa umri huu hafai kukimbizwa kutoka kizimba hadi kizimba ili amalize wanyama wote. Mamba tuliwaona kwa haraka, na hakuna aliyelalamika. Mchana alilala mgongoni mwa baba yake, nasi tukala mihogo na samaki tuliobeba kutoka nyumbani.

Utakapokuja likizo ya Desemba tungependa twende nawe, tena asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali na umati haujaongezeka. Tafadhali nijulishe mapema tarehe ya safari yako ili baba yake naye aombe ruhusa kazini. Mama anakusalimu sana na anauliza kama ile dawa ya kikohozi ilikufaa.

Wako akupendaye,
Mama wa somo wako