Barua ya wazi kwa nyie mnaokagua daftari la mtoto wa chekechea

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazituma, marahaba. Ni mimi bibi yenu, nimefundisha chekechea miaka mingi mpaka magoti yakagoma kukalia vile viti vidogo, sa hivi nipo tu nyumbani nalea wajukuu na nawaangalia nyie wazazi vijana mnavyohangaika, na kuna kitu kinanikera nimeona bora niseme.

Mtoto mnampeleka chekechea, hapo mmefanya la maana kabisa. Ila akirudi tu, hata viatu hajavua, mtu anafungua begi, haya leo mmeandika nini? Akikuta daftari jeupe basi ni kesi, ticha anapigiwa simu, oh hela yetu inaliwa bure watoto wanacheza tu. Nimepokea sana hizo simu. Kuna mzazi alimhamisha mwanae wa miaka mitatu akampeleka sehemu wanatoa homuweki kila siku, akaniambia huko ndo wanasoma. Sikubishana nae, maana ningemwambia nini, mifupa ya kifundo cha mkono wa mtoto huyo mingine bado hata haijawa mifupa kamili na yeye anataka mistari ya a e i o u.

Sasa niwasimulie siku moja ya daftari jeupe. Nilikuwa na mtoto wa kiume, miaka mitatu na nusu, king'ang'anizi haswa, akitaka kitu anakupokonya na ukikaza anang'ata. Siku hiyo mwenzie kashika tofali jekundu la mbao, huyu nae analitaka hilohilo, na mengine yamejaa hapo chini. Nikakaa sakafuni katikati yao nikamwambia usipokonye, sema. Akapiga kelele. Sema. Akasema nipe. Mwenzie akajibu nikimaliza kujenga nakupa. Basi akasimama pale mikono kaificha nyuma, anabadilisha mguu huu na huu, mdomo unahesabu mbili tatu tano sita tano, yaani jasho linamtoka, na akangoja dakika nzima bila kumng'ata mtu! Kwa umri ule dakika ni kama nyie kungoja mshahara. Humo ndani kuna lugha, kuna hesabu (mbovu lakini ipo), na kuna kujizuia, ila kwenye daftari hakuna kitu.

Na hayo si maneno ya bibi tu. Mtoto akifika miaka sita ubongo wake unakuwa kama asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na ile sehemu ya mbele inayotuzuia tusifanye ujinga, ingawa inaendelea kukomaa mpaka tunavuka ishirini, kati ya miaka mitatu na mitano inapiga hatua kubwa sana. Huko Marekani, mji wa Ypsilanti jimbo la Michigan, mwaka 1962 walianza kufuatilia watoto 123 wa familia maskini, 58 wakapata chekechea nzuri na 65 hawakupata. Mwanzoni wale 58 waliwapita wenzao kwenye vipimo vya akili, halafu baada ya miaka michache wakalingana, ungesema haya kazi bure. Kumbe bado. Wamefika miaka 40 wanaonekana waliomaliza sekondari ni wengi zaidi upande wa chekechea, kipato chao kikubwa zaidi na waliokamatwa na polisi wachache zaidi. Yale ya mtihani yalififia, kilichobaki ni kitu kingine, na mimi nasema ni kile cha kusimama mikono nyuma ukangoja. Pale watoto walikuwa wanapanga wenyewe watacheza nini, wanacheza, halafu wanasimulia walichofanya, na kila wiki mwalimu anaenda mpaka nyumbani kwao.

Ila nisiwadanganye, si kila penye kibao cha chekechea pana faida. Kule kule Marekani, Tennessee, majibu yaliyotoka 2022 yalionyesha waliopita shule za awali za jimbo walikuwa nyuma ya wenzao walipofika darasa la sita. Sababu wanabishana mpaka leo. Kwahiyo msiangalie yunifomu na mabembea mapya, nendeni siku ya kawaida msimame hata nusu saa, msikilize nani anaongea zaidi, ticha au watoto, na mtoto akilia ticha anachuchumaa au anafoka kutokea mezani. Choo na uzio mtaviona wenyewe.

Na nyie ambao karibu yenu hakuna shule ya awali, au ipo lakini hela haitoshi, msijione mmemtupa mtoto. Mpe wenzie wa kucheza nao, ongea nae unapofanya kazi zako, mwache amalize sentensi yake hata kama inazunguka dunia nzima.

Kesho akirudi liacheni begi. Muulize leo umecheza na nani, nani alilia, mkafanyaje? Halafu nyamaza, jibu litakuwa refu na halieleweki, sikiliza hivohivo. Akikwambia siku tatu mfululizo hajacheza na mtu yeyote, hapo sasa mpigie ticha simu.