Mwanangu, umeshajisajili?

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako shangazi yako amenifikishia, ila hakuna aliyeniambia kama umeshajisajili kurudia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Umeshajisajili?

Usingoje siku za mwisho. Mtandao unazidiwa, na muda wa ada ya kawaida ukipita unalipa na faini. Nenda kituo cha mtihani asubuhi wakupe namba rejea ya kujisajilia. Ukiingia kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, jaza namba yako ya mtihani ya zamani, ile inayoanza na S, pamoja na mwaka, vilevile kama ilivyo kwenye matokeo. Tarakimu moja ikipotea utahangaika kurekebisha. Ukishapata kontrol namba ya malipo, lipa siku hiyohiyo.

Sasa hesabu. Yule mwalimu aliyesema D yako ni ya bahati, mwache. D inaanzia alama 30. Sehemu A ya mtihani ina maswali kumi, kila moja alama 6, kwa hiyo 30 ni maswali matano kamili. Bahati gani hiyo inayokokotoa maswali matano? C inaanzia 45. Kwa wingi umepungukiwa na 15, yaani maswali mawili na nusu, na hiyo ndiyo C yako ya tatu ya kuendea kidato cha tano. Siku ile neno hilo la bahati liliposemwa sebuleni, na mimi nilicheka. Basi.

Nimelipitia daftari uliloliacha. Umeandika log 5 + log 20 = log 25. Logi zikijumlishwa, namba za ndani zinazidishwa: log 100, jibu 2. Kosa hilohilo nimelikuta mara nne. Ni haraka yako tu, hata kufua unafua hivyohivyo.

Tena unaruka hatua. Msahihishaji anatoa alama kwa njia, hata kama jibu la mwisho limepotoka. Ukiweka jibu tupu likawa silo, hana pa kukupa hata moja. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja uendelee, usichafue ukurasa.

Mtihani ni saa 3. Kila swali la A lipe dakika 10, kila moja la yale manne ya B dakika 15, zitabaki 20 za kukagua. Jumamosi fanya pepa nzima ya mwaka wa nyuma kwa saa, simu ikae kwa shangazi. Na kwenye tovuti ya Baraza kuna uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure kabisa, wameweka hadi picha za majibu mabovu na sababu zake. Hayo mabovu ndiyo uyasome sana, utajikuta humo.

Kaka yako anasema unapoteza pesa. Yeye alilipiwa tuisheni miaka miwili, wewe hukulipiwa hata mwezi, hilo sihitaji mtu kunikumbusha. Pesa niliyokutumia ni ya yule mbuzi mweupe. Inatosha ada ya usajili na nauli, faini haimo.

Paa la jikoni bado linavuja, mama yako anapikia barazani. Nimempa kondakta wa basi la Ijumaa unga wa muhogo na mche mmoja wa sabuni. Unga gawana na shangazi. Ukienda kuupokea, pitia kituo cha mtihani kwanza. Risiti ipige picha unitumie, hata usiku.

Baba yako